Viti Ulivyotununulia

Kwako Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji. Kikohozi cha mtoto kimetulia? Mama anauliza kila siku. Sisi huku tunaendelea, ila mgongo wa Mama bado; tangu aache kazi ya kufua pale hosteli hawezi kuinama hata kufunga kiatu. Mjomba ni mzima na maneno yake hayajapungua. Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo haujatulia.

Nilikuambia kwamba mwaka huu tumeanza somo la sera ya jamii. Mwalimu alitufundisha jinsi serikali inavyoamua nani apewe ruzuku na nani aachwe. Alisema afisa wa ustawi akiingia nyumbani hutazama vitu kwanza: sakafu, viti, friji, runinga. Kutazama ni haraka kuliko kuuliza, alisema, na ndiyo maana wengine huachwa kimakosa. Somo lilinivutia mno, na jioni nikawasimulia Mama na Mjomba yote, maana afisa alikuwa karibu kuja kwetu kwa ajili ya ombi la Mama la ruzuku. Mjomba aliacha kutafuna. Akasema kumbe ada ya shule haikwenda bure.

Basi Dada, asubuhi ya siku aliyotarajiwa afisa, Mjomba alivibeba vile viti ulivyotununulia, pamoja na friji, akavipeleka kwa jirani yetu, Mama Cherehani, yule fundi nguo anayelea wajukuu wawili peke yake. Mama alimwomba huku akiangalia chini. Mama Cherehani alicheka, akasema vije tu, leo na yeye ataketi kama bibi harusi.

Afisa alimkuta Mama kwenye mkeka. Aliuliza mengi kwa adabu, akatazama huku na huku, akasema Mama anastahili. Mjomba alinikonyeza. Kisha afisa akaniomba nimwonyeshe nyumba ya Mama Cherehani. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba alikuwa pia anawapitia upya wanaopokea ruzuku tayari, na Mama Cherehani ni mmoja wao. Nilimpeleka. Ningesema nini?

Alisimama mlangoni akaviangalia viti. Alitania kwamba kwa viti hivi hata yeye angehamia hapa. Halafu akauliza taratibu ni vya nani. Mama Cherehani alinitazama. Mimi nikatazama viatu vya afisa. Ndipo aliposema ni vyake, amevinunua kidogo kidogo kwa kazi ya mikono yake. Afisa akampa hongera. Akasema kwa kuwa sasa amesimama kwa miguu yake, fungu lake litakwenda kwa wenye shida zaidi.

Jioni viti vilirudi vimefutwa vumbi, na ule mkono wa kiti uliochanika Mama Cherehani ameushona. Mama alilia, akamsihi aende ofisini akaseme ukweli. Mama Cherehani alimjibu kwamba akisema ukweli Mama ndiye atakayeitwa mwongo, na mgongo huo atautibu kwa fedha gani. Mjomba akasema yaishe, mwenzetu ana ufundi wake, hawezi kulala njaa. Lakini wajukuu wake hawajaja shule wiki hii. Nilipopita kwao niliwaona wamekaa chini ya meza ya cherehani wakikata nyuzi, na yule mkubwa akaniambia bibi amesema wapumzike kidogo. Aliniamkia vizuri tu, kama kawaida. Hilo ndilo lililonichoma.

Dada, sasa nakueleza lililonifanya niandike. Leo asubuhi sikwenda darasani. Nilikwenda ofisi ya ustawi, nikasubiri kwenye benchi mpaka afisa akaniita, nikamwambia viti ni vyetu na friji ni yetu. Aliniuliza kama nimetumwa. Nikasema hapana. Akaniuliza kama ninaelewa hili lina maana gani kwa mama yangu. Nikasema ninaelewa, nikamwambia pia kwamba mgongo wa Mama si uongo, aje amwone anavyoinuka kitandani. Alisema atayafungua upya majalada yote mawili na kuja tena kesho kutwa, ila hawezi kuniahidi lolote, si kwa Mama wala kwa jirani. Nilitaka kumuuliza kama kuna adhabu, nikaogopa jibu.

Mama hajui. Yuko uani anamweleza Mjomba jinsi atakavyokwenda kwa daktari wa mifupa fedha ya kwanza ikitoka, na amechangamka kuliko alivyokuwa mwaka mzima. Nimekuandikia wewe kwanza ili ulisikie kutoka kwangu, si kwa Mjomba. Ukiona nimekosea, niambie, lakini usiniambie nirudi kukanusha.

Sasa Mama ananiita nikamkande mgongo. Nitamwambia wakati huo, nikiwa nyuma yake, kwa sababu nikimtazama usoni sitaweza.

Mpe shemeji salamu zangu, na mtoto umbusu kwa niaba yangu. Wasalimie wote wanaotujua huko. Tuombee nyumba hii, na ya jirani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba