Mama, Jina la Somo Wako Limebaki

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa hapa kibandani kwetu, Mtaa wa Kongo. Mvua imefukuza wateja. Vitenge nimevifunika kwa nailoni, nikianzia upande wa mfereji kama ulivyonifundisha.

Tangu uondoke mwaka jana, nimejifungua. Mtoto wa kike. Ni binti wa pili, kwa hiyo kwa desturi yetu jina ni lako, Agatha. Lakini wifi yako, Shangazi Restituta, alishuka kutoka Moshi na ndizi zake na maneno yake. "Hilo jina usimpe. Mtakatifu somo wake mwenyewe alikatwa matiti, mama yako naye akakatwa. Unamtafutia mtoto kisu?" Tangu hapo kila nikimnyonyesha, nilikuwa naogopa. Nilikaribia kumwandikisha jina lingine parokiani.

Kila mwaka, siku ya somo wako, mwezi wa pili, ulikuja sokoni na beseni la maandazi ukawagawia majirani. Mama Zuhura wa meza ya pili alikutania, "Leo tena yule msichana wenu wa Sisilia?" Nawe ukaanza: binti wa enzi za Warumi, aliyejiweka wakfu kwa Kristo. Liwali alimtaka, akakataa. Akatishwa, akafungwa, akakataa. Ukifika penye kisu uliruka, ukakimbilia ushungi wake: alipokwisha kufa mlima ulitema moto, watu wakaushika ule ushungi, wakauelekeza kwenye moto, moto ukasimama. "Mnaona? Vitambaa vina kazi!" Na mteja akacheka, akanunua.

Mara moja tu hukuruka. Asubuhi ya upasuaji wako, umejifunga mtandio wako mweupe, ulinishika mkono. "Walimkata, mwanangu. Na walipomaliza kumkata, jibu lake lilikuwa lile lile." Halafu ukaniuliza kama nimefunga kufuli la kibanda.

Mwaka huu siku yake ilipofika sikupika chochote. Sikuweza. Nilikuja kibandani nimembeba mtoto, nikamkuta Mama Zuhura ana beseni, anagawa maandazi. Yeye, Mwislamu, ambaye kanisa letu hata mlango wake haujui. "Mwenyewe hayupo, basi na siku yake ife?" Kisha akauliza mtoto anaitwa nani. Nilifungua mdomo niseme bado. Nikasema, Agatha.

"Haya, Agatha," akamwambia mtoto, "bibi yako alikuwa anamwaga iliki. Mimi nimebana, unisamehe."

Nilicheka, mama. Halafu nikalia, mbele za wateja.

Amebatizwa Jumapili iliyopita, amefunikwa mtandio wako. Shangazi alikuja. Padre alipotamka jina niliona midomo yake inalifuata taratibu. Alikuwa anakupenda, nadhani alikuwa anaogopa tu kama mimi. Na mimi nimekwenda kupimwa matiti. Niko salama, usiwe na wasiwasi.

Akikua nitamsimulia habari yote, na penye kisu sitaruka. Nitamwambia na lile jibu. Mwezi wa pili ujao beseni nitabeba mimi, na iliki nitatia kwa mkono wako.

Lala salama, mama yangu. Mvua imekatika. Naenda kufunua vitenge.

Mwanao