Hotuba ya Shangazi Vaimoana

Jumatatu, 5 Agosti
Nimeazima maiki ya kwaya. Nimeichomeka kwenye kompyuta, kimya. Kwenye mipangilio nikakuta maiki mbili: ile ya ndani, iliyokufa tangu maji ya kimbunga yaingie nyumbani, na hii ya waya. Kompyuta ilikuwa imechagua ile mfu. Nikabadilisha, nikahesabu moja hadi kumi. Mstari wa kijani unaoonyesha sauti ukaruka! Kulikuwa na mngurumo nyuma ya sauti. Nikauhamisha waya mbali na friji, ukaisha.

Jumatatu ijayo Shangazi Vaimoana, dada mkubwa wa baba, anasafiri kwenda hospitali ya Auckland, ng'ambo. Madaktari watamkata uvimbe wa koo. Wamemwambia wazi kwamba hatasema tena. Na Oktoba dada yangu Seini anaolewa. Harusi gani hiyo, shangazi asipomsemea bibi harusi? Basi atasema sasa, nimrekodi, tutamsikia siku ile.

Jumatano, 7 Agosti
Amekuja saa nne, kajifunga mkeka wa heshima kiunoni kama anakwenda kanisani. Yeye kitini, mimi chini sakafuni, inavyopasa. Seini na Mama walisikiliza kutoka jikoni, maana kwa mila zetu kaka na dada hatukai chumba kimoja.

Aliuliza kama kidude kile kinauma. Nikaanza kumweleza, akanikata: ninyamaze, mkubwa wangu anasema.

Dakika ya pili nikatupa jicho kwenye kioo cha kompyuta. Mstari wa kijani umelala. Jana kompyuta ilijisasisha, ikajizima na kujiwasha yenyewe — imerudi kwenye maiki mfu! Nilijua papo hapo.

Sikusema. Shangazi hakatizwi, hata baba hakuwahi kumkatiza. Nikajiambia nitasubiri apumzike. Alipumzika mara tatu, akanywa maji. Mara tatu, nimezihesabu. Alimsimulia Seini siku alipozaliwa, akalia, akaendelea. Dakika arobaini na moja.

Mwishoni akauliza, "Imeingia?"

"Imeingia vizuri, Shangazi."

Alhamisi, 8 Agosti
Nimepandisha sauti ya faili hadi mwisho. Hamna kitu.

Mama ameleta ombi la Seini: anataka asikie mwanzo tu, hata dakika moja. Nimesema bado naisafisha.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimekuwa nikijiambia ni heshima. Hapa naweza kuandika ukweli. Ningeweza kumnong'oneza Mama, yeye angejua la kufanya. Niliona haya. Wiki nzima nilijigamba kwamba kompyuta naijua mimi.

Jumamosi, 10 Agosti
Nilikwenda kwake ili nimwambie. Nikamkuta na wanawake wenzake wanagonga magome ya kutengenezea vitambaa, wanacheka. Akanionyesha kwao: huyu ndiye aliyemtia ndani ya sanduku, atamfungulia Oktoba aje kuwagombeza wapishi. Sauti yake imekuwa mchakacho tayari. Ilibidi wamwinamie ili wamsikie.

Nikabeba viazi vikuu vyake hadi jikoni. Nikarudi nyumbani.

Jumapili, 11 Agosti
Kanisa asubuhi, kanisa mchana. Leo hata kufua nguo ni mwiko, seuze kurekodi. Siku moja nzima imekwenda hivyo, na koo lake linazidi kuziba.

Mama akauliza mbona sili. Nikamwambia yote. Hakufoka. Alifunika chakula. Nikamwomba anisemee.

"Mimi ni mke wa kaka yake, mdomo huo sina," akasema. "Utakwenda mwenyewe."

Jumatatu, 12 Agosti
Saa moja nilikuwa mlangoni kwake na kompyuta mkononi. Gari la uwanja wa ndege ni saa tatu. Nilikaa chini, nikasema yote nikitazama sakafu.

"Uliona, ukaniacha nilie bure?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kiweke kidude chako."

Nilikagua orodha mara mbili: maiki ya waya. Akaanza. Mstari ukatikisika kidogo tu, chini kabisa. Nikapandisha kiwango hadi mwisho, haukutosha. Alikuwa ameegemea nyuma, na ile sauti iliyobaki haifiki mbali.

Nikainua mkono kumsimamisha. Sijawahi kumwinulia mkono. Akakoma katikati ya neno.

"Haiingii, Shangazi. Sogea. Mdomo uguse kabisa."

Alinitazama. Kisha akavuta kiti.

Naandika haya sakafuni yeye akisema, maana sithubutu kumtazama usoni. Mstari unaruka. Kila akifika nusu ya sentensi sauti inakatika, anameza mate, anairudia tangu mwanzo. Gari limefika mapema. Dereva amepiga honi mara mbili. Bado yuko kwenye siku Seini alipozaliwa.