Ziwa Lisilomo Ramanini

Jumatatu, 2 Machi 2009
Barua ya manispaa. Kampuni fulani inataka kujenga vibanda vya watalii kando ya ziwa letu. Ukoo unaodai umevua pale tangu zamani ulete ushahidi Jumatatu ijayo. Ramani za kale zinakubaliwa. Shangazi Rávdná kanitupia kazi: si mimi ndiye mwalimu wa jiografia? Mwalimu aliyetafuta gari lake nusu saa nje ya duka. Lilifunikwa na theluji, najitetea.

Alhamisi, 5 Machi
Ramani ya 1896 imefika. Nzuri ajabu. Kipo hata kibanda cha udongo cha babu yake jirani yetu Issát, na ziwa lao, pembeni maandishi madogo: samaki tele. Ziwa letu — hakuna. Pameandikwa kinamasi. Nimefuta miwani. Kinamasi bado.
Njia aliyopita mpimaji wa ramani inakaribia ziwa letu kabisa, kisha inapanda nyuma ya kilima bila sababu. Chini, jina la mwongoza njia: Ánot. Babu yake shangazi.

Ijumaa, 6 Machi
Shangazi katia jibini kwenye kahawa, desturi yetu huku kaskazini, hanitazami.
“Niillas, mgeni akikuuliza unavua wapi, unamjibuje?”
“Simjibu. Namuuliza kuhusu barabara.”
“Basi. Babu alimzungusha mpimaji siku nne. Akamwambia huku ni matope na mbu tu. Kuhusu mbu hakudanganya.”
Nimecheka hadi kahawa ikanitokea puani.

Jumamosi, 7 Machi
Nimepata hoja! Mtu hafichi ziwa asilolivua. Uongo wenyewe ndio ushahidi. Nimejihutubia mbele ya kioo, nikajipigia makofi.
Shangazi hakupiga. Kaweka kidole kwenye ziwa la akina Issát.
“Mpimaji alitaka kula samaki. Unadhani babu alimpeleka wapi?”
Loo. Ramani ilipotoka, wageni walikuja na nyavu, wakamaliza samaki wa ziwa lao. Vizazi vitatu akina Issát wanauliza nani alimwonyesha mpimaji ziwa lao. Na Issát yumo kwenye kamati ya manispaa itakayopiga kura Jumatatu. Bila kura yake, ziwa linakwenda.

Jumapili, 8 Machi
Issát kapita na nyama kavu ya kulungu. Kasikia kibanda cha babu yake kimo ramanini, anatembea kifua mbele. “Kesho, mwalimu, nitakusaidia. Ukipotea kwenye ramani yako nitakuita kwa filimbi.”
Nyama tamu. Nimeifunga tena kwenye karatasi.

Jumatatu, 9 Machi
Naandika koridoni, manispaa. Nimesema kuhusu kilima, kuhusu kinamasi. Jina la Ánot nikaliruka — nikasema “mzee wetu mmoja.” Wajumbe wamecheka, Issát kuliko wote. Mapumziko dakika kumi, kisha kura.
Wote wametoka kunywa kahawa, ila yeye. Namwona kupitia kioo cha mlango. Kainamia ramani, kidole kwenye kibanda cha babu yake. Sasa kidole kinafuata njia, taratibu, kurudi nyuma ya kilima chetu. Kinashuka kwenye maandishi ya chini, penye jina la mwongoza njia. Anavaa miwani.
Shangazi kanigusa kiwiko. “Ingia ukae naye.”
“Nimwambie?”
“Kaa kwanza.”
Zimebaki dakika sita. Mkono mmoja uko kwenye kitasa, huu mwingine ndio unaoandika. Naingia.