Mkamwana Kaogopa Kumshika Mkwewe, na Mguu Unakakamaa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, moyo wangu hautulii. Mimi ni mwanafunzi wa fiziotherapia, nimekulia Singida mjini, na sasa niko fildi katika kijiji kimoja karibu na Nduguti, ambako nimepangiwa kumhudumia Mzee Chediel, aliyefiwa na mkewe, ana kisukari na juzijuzi kapata kiharusi akapooza upande wa kulia, na kwa kuwa wiki ijayo narudi chuoni ilibidi nimfundishe mtu wa nyumbani kumnyoosha viungo na kumsimamisha, na pale nyumbani yuko Luciana peke yake, mke wa mwanawe Nathan, basi nikamwita nikamwambia, "Dada, shika paja hapa, mkono mwingine mgongoni," naye akarudi nyuma akasema, "Huyu ni mkwe wangu, simshiki," nami badala ya kunyamaza nikamjibu mbele ya majirani kwamba kwa mila hizo atamuua mzee, kisha nikampigia simu Nathan, anayefanya biashara Mkiwa, nikidhani atasaidia, kumbe kamwambia mkewe afanye ninavyotaka au afungashe arudi kwao. Tangu hapo Luciana analia jikoni, mzee ananigeuzia mgongo, na nikigusa mguu anasema, "Niache, binti. Umeniaibisha mbele ya mkamwana wangu." Goti limeanza kukakamaa. Nikimlazimisha Luciana navunja nyumba, nikiacha mzee atabaki wa kitandani. Nifanye nini?

Radhia, Singida

Marahaba, Radhia. Una huruma, maana asiyejali angefunga begi akaenda zake. Lakini mwanangu, ulikosea. Kabla ya kumwita Luciana, ulimuuliza mzee angependa ashikwe na nani? Hukuuliza, ukaagiza.

Kesho asubuhi nenda, na usianze na mguu. Msalimie mzee, mwombe radhi. Kisha ingia jikoni kwa Luciana, na majirani waliosikia ukimsema wasikie pia ukimtaka radhi. Siku hiyo usimfundishe kitu.

Halafu mpigie Nathan. Huyo ndiye aliyeniudhi. Mwambie kwamba mkewe anapika, anafua, anampa mzee dawa za sukari kwa wakati, na haendi popote. Mtoto wa mzee ni yeye. Mkiwa si Ulaya. Afunge biashara aje ajifunze kumsimamisha baba yake, na kwa siku ambazo hatakuwepo, mzee achague ndugu au rafiki wa kiume naye afundishwe. Luciana ataweka kiti imara cha kushikilia na kukumbusha saa ya mazoezi. Hayo hayamvunjii mtu heshima.

Msimamizi wako mweleze yote leo, usimfiche neno, apange nani atafuatilia ukiondoka. Kiharusi na kisukari kwa pamoja si mzigo wa kuachia familia peke yake.

Na Nathan akikwambia ana kazi nyingi, usibishane naye. Mpe mzee simu.