Kipande cha Mwisho cha Jongoo Bahari

Profesa wangu,

Nakuandikia nikiwa maabara ya chuo hapa Nchiru, mchana kweupe. Wenzangu wameenda kula. Kesho asubuhi natakiwa kutoa kile kipande cha jongoo bahari kwenye friza, cha mwisho kabisa, na sijui kama nina ruhusa yako.

Tangu tukuzike Mbeere, mambo yamebadilika. Ofisi yako imepewa kijana mpole wa mambo ya misitu. Ameondoa pazia lako la maua, na sikuweza kumlaumu, lilikuwa baya kweli. Mumeo bado hututumia ndengu kila msimu. Shangazi yangu wa Nkubu bado ananiuliza mbele ya watu, "Na huyo jongoo wako ako aje?" Wewe ulikuwa unamjibu kwamba ameolewa. Mimi siku hizi siwezi kuurudia utani huo.

Kwa sababu hayuko, Profesa. Nilirudi Pwani, kwenye mwamba ule ulipomwokota, nikapiga mbizi na vijana wetu wa kule mpaka masikio yakauma. Aina ile haipo tena, wameokotwa wote wakauzwa. Sasa vijana wanafuga wengine kwenye mabwawa, vifaranga walioletwa kutoka mbali, na wanataka kuwaachilia mwambani. Wananiuliza kama hawa ni ukoo mmoja na wale wa zamani, au watakuwa wanaiingizia bahari wageni. Ni swali la haki. Jibu liko kwenye kichupa kimoja, kifupi kuliko kidole changu.

Unakumbuka desturi yako? Kila sampuli uliikata, nusu ikatumika, nusu ikarudi kwenye baridi. "Hii kitu ukimaliza, utatoa wapi ingine?" Hakuna mwanafunzi wako asiyeweza kuiga sauti hiyo. Nusu ya kwanza ya jongoo huyu tuliitumia ukiwa hai, vinasaba vikatoka vimekatikakatika, tukasoma vipande visivyoungana. Ya pili tukaigawa tena, na tena. Halafu stima ikapotea wakati wa mvua kubwa, jenereta ikakataa kuwaka, friza ikapata joto. Sijui kilichobaki kimeharibika kiasi gani. Hakuna njia ya kujua bila kukigusa.

Daktari Mwenda, anayeongoza mradi sasa, anasema, "Kendi, tumia yote. Ukitumia nusu hutasoma kitu." Najua anasema kweli. Lakini nikitumia chote nikakosea, hakuna kingine cha kurudia. Naangalia kipimajoto cha friza kila nikipita, hata nikiwa nimetoka tu kukiangalia.

Jana nilienda bucha nikanunua matumbo ya mbuzi, nikayakatakata peke yangu mezani, kama ulivyonifanyisha kabla hujaniruhusu kushika sampuli halisi. Vipande vya kwanza vilikuwa aibu. Baadaye mkono ukakumbuka. Nililia kidogo, halafu nikaenda kuyapika, maana sikutaka kuyatupa.

Naogopa, Profesa. Naogopa kuwa yule mtu aliyemaliza. Ulipokuwa hapa woga ulikuwa wako, mimi nilikuwa mikono tu. Uliniachia vyote viwili bila kuniuliza.

Nimekaa hapa nikiwaza kwa nini ulikuwa hivyo. Uliwahi kunisimulia kwamba kwenu, hata mwaka wa njaa, mbegu ya mtama ilining'inizwa juu ya moto na hakuna aliyeigusa. Sikukuuliza wakati ule, lakini nauliza sasa: mvua iliponyesha, mama yako aliibakiza nusu? Nafikiri aliiteremsha yote akaitia udongoni, na hakuna aliyemhakikishia kwamba itaota.

Basi kesho nitatumia chote. Sikuombi tena ruhusa, nakuarifu. Nikipata jibu, vijana wa Pwani watalisikia siku hiyo hiyo, liwe zuri au baya. Nikikosa, nitakuwa nimekosa mimi, si wewe, nami nitasema hivyo kwa mdomo wangu, kaburini kwako, mumeo akinisikia.

Pumzika, Profesa. Kesho jioni rafu yako kwenye friza itakuwa tupu. Sitaweka kitu kingine pale mpaka nimekuja kukuona.

Mwanafunzi wako,
Kendi