Mlezi wa Kizimba cha Saba

Baba, leo umetimia mwaka tangu homa ya siku tatu ikutoe mikononi mwetu.

Majirani walikuita Bwana Mbu, nawe ukawajibu, "Wenzangu mnafuga kuku, mimi nafuga mbu, kila mtu na bahati yake." Kwa miaka kumi na mmoja uliwalea kwenye kile chumba cha joto cha maabara, chenye milango miwili: mbu waliobadilishwa vinasaba ili wasiweze kutuambukiza malaria. Uliipenda kazi hiyo kwa sababu malaria ilimchukua mdogo wako mkiwa wadogo.

Kila ulipotoka ulijikung'uta mbele ya kioo, asije mmoja akakufuata. Hata nyumbani ulikung'uta shati mlangoni, na Mama akakutania, "Ingia bwana, hapa hatukaguani."

Hukuwa mtu wa makelele. Ndiyo maana tuliingiwa na hofu siku uliposukuma sahani pembeni. Ulisema umewapasua mbu wa kizimba cha saba, wajukuu wa wale wa kwanza, mliowalisha damu yenye malaria ili kuwapima, ukawatazama kwa darubini, ukavikuta vimelea vya malaria tele kwenye mate yao. "Vimelea vimeshapata njia. Nimemwambia mkuu tusubiri kuwaachia mitaani, ananiambia nimechoka, nikapumzike." Kisha ukatuonyesha mkono. Mmoja wao alikuuma juu kidogo ya glovu.

Siku ya kumi na mbili ukaanza kutetemeka. Daktari alisema ni malaria.

Mkuu wako alikuja msibani, akampa Mama pole, akaomba daftari lako jekundu, ulimoandika uliyoyaona kizimba cha saba. Mama alimpa, akidhani ni mali ya ofisi. Tulipolifuatilia tuliambiwa hakuna daftari kama hilo. Mama hajajisamehe mpaka leo.

Wiki hii wamebandika tangazo mtaani kwetu: Jumatatu mbu wataachiwa, watu wasiwe na wasiwasi. Picha waliyoweka ni yako, Baba. Umeshika kizimba, unacheka.

Daftari hatuna. Tuna maneno yako tu, na tumeyaandika hapa ili mtu ayasome kabla ya Jumatatu.

Unakumbukwa na mkeo, kaka zako wawili, mimi bintiyo, na mjukuu uliyepishana naye kwa wiki mbili, anayelala chini ya chandarua ulichomtundikia kabla hajazaliwa.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Na chandarua hatukiondoi.