Ugonjwa Tuliouficha Ofisini

Landless, Thika
Machi 9, 2025

Nzioki mwanangu,

Uko aje? Watoto wamekula? Mimi mama yako niko, magoti tu ndiyo yananitukana kila asubuhi. Shule sikuingia, herufi nilifunzwa kanisani nikiwa na mvi, kwa hivyo ukicheka mwandiko wangu nitakuja huko Kimbo nikuchape na uzee wako huo. Naandika kwa sababu kwa simu napiga kelele, majirani wote wa ploti watasikia.

Mkeo Mbula ameniambia ni moyo, na lazima upasuliwe. Acha hiyo kazi ya kiwanda, chukua pensheni, ulipe hospitali. Lakini usiwaambie ofisini wewe ni mgonjwa! Babako alipougua watu walisema amerogwa, hata chai kwetu wakakataa. Waambie unaenda kulima. Na kukatwa kodi usiogope. Pensheni ya marehemu babako naipata yote, serikali haigusi.

Mwaitu


Kimbo, Ruiru
Mei 18, 2025

Mwaitu,

Wajukuu wanakusalimu. Mwelu ameng'oka jino, anauliza kama wewe, Susu yake, unataka alipande kwako. Mimi napanda ngazi kama nimebeba gunia.

Nilifanya ulivyosema. Niliandika kwamba naacha kazi kwa hiari yangu, naenda kulima. Wenzangu walinichangia jembe, wakapiga makofi.

Pesa imeingia, lakini kodi imekula sehemu kubwa. Nikaenda kuuliza. Janice, yule wa pensheni, akasema, "Mzee, hujafika umri wa kustaafu, na kwa mpango wetu hujamaliza miaka ishirini. Ukijitoa mwenyewe, unakatwa. Kama ungekuwa mgonjwa na daktari athibitishe, hatungekata." Nikaangalia viatu. Yako wewe haikatwi kwa sababu ni kidogo, na umezeeka.

Sasa haifiki ile hospitali wanataka. Usijilaumu.

Mtoto wako


Landless
Mei 25, 2025

Nzioki,

Salamu baadaye. Usinipe ruhusa ya kutojilaumu, sijaomba. Ni mimi niliyekutuma, mimi mjuaji, nikapima pensheni yako kwa yangu. Tafuta barua ya daktari. Jumatano nakuja, twende wote kwa huyo Janice. Ukiona haya, nitasema mimi. Uvae sweta.

Mwaitu


Kimbo
Julai 6, 2025

Mwaitu,

Natumaini ulifika salama siku ile, na magoti yamepoa. Wakati Janice alikuwa anatusikiza nilidhani tumeshinda. Amepiga simu jana. Kodi ilishatumwa, na mkono wangu ndio ulioandika "kwa hiari." Anasema nipeleke barua ya daktari kwa watu wa kodi, niombe warudishe. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa, na hajui itachukua muda gani. Hospitali nayo imempa mtu mwingine nafasi yangu.

Siku hizi nalala nikiwa nimeketi. Mbula anataka tuite mchango, nimemkataza. Nitawaambia nini wale walionipa jembe? Wacha tu, Mwaitu. Uliponifundisha kunyamaza, nilishika vizuri.

Mtoto wako


Landless
Julai 13, 2025

Nzioki mwanangu,

Sikuulizi umelalaje, Mbula amenieleza.

Nimeitoa siri yako. Leo baada ya matangazo nilisimama kanisani, mchungaji akadhani nataka kuombewa magoti. Nikasema, "Mtoto wangu anaugua moyo. Haendi kulima. Mimi ndiye nilimwambia adanganye, na pesa ya kumtibu ikakatwa kwa sababu hiyo." Mtoto wa mtu akaendelea kutafuna karanga. Halafu Katunge wa kwaya, unajua mdomo wake, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama, na sisi ulituona aje?"

Nzioki, nilikaa chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaogopa, na wao walikuwa wamekaa tu hapo, na vitabu vyao vya nyimbo.

Wanakuja kwako Jumamosi. Na wenzako wa kiwandani nimewatumia habari, hao pia wanakuja. Kama watafikisha pesa yote, sijui. Kama daktari atapata nafasi mapema, hiyo pia sijui, na ndiyo inaninyima usingizi. Usiwafungie mlango.

Najua umekasirika. Nikasirikie, unayo haki. Lakini nikasirikie ukiwa hai.

Mwaitu